Maua marefu ya prerii yanalala chini, nimekosea wapi?

Wadau habari zenu. Nina tuta la maua kando ya ukuta, jua linapiga tangu asubuhi mpaka saa kumi, mwaka juzi nikapanda maua ya prerii yale ya mbuga za Marekani, vernonia, ekinasia na silfiamu. Mwaka wa kwanza vijani viwili vitatu basi, nikajua nimeliwa. Mwaka huu yamenipita kimo, nikawa nayaringia kabisa, halafu mvua moja tu ya usiku naamka nakuta yote chini kama walevi. Na matunzo siyo kwamba sijayapa, samadi ndoo kwa ndoo, maji kila jioni. Shida nini jamani?

mkono_wa_udongo: Shida umeitaja mwenyewe mkuu 😄 samadi ndoo kwa ndoo! Hayo ukiyapa naitrojeni nyingi yanakimbilia juu, shina linakuwa teketeke, mvua ikijaa kwenye vichwa kwisha habari. Mbolea acha kabisa, na maji usimwage kidogokidogo kila siku, mara moja moja ila yazame hasa. Kama silfiamu yako ni ile laciniatum, ambayo majani yake ya chini hujipanga kaskazini-kusini, mzizi wake unaweza kushuka mita 4 na kitu, kwa hiyo huo mwaka uliosema hakuna kitu wenzako walikuwa wanachimba. Usithubutu kuihamisha.

nyuki_mzembe: Naongezea, mwakani vernonia na ekinasia zikifika magotini, kabla hazijatoa vitumba, kata theluthi moja ya juu au hata nusu. Roho itakuuma lakini zinachipua matawi pembeni, zinakuwa fupi na imara, maua yanachelewa wiki kadhaa tu. Mimi nakata za mbele tu, za nyuma naziacha, hapo maua yanapokezana. Laciniatum usiikate, shina lake la maua ndo hilohilo.

mzee_kitalu: Mbona hamjasema nyasi? Kwao hayo maua hayasimami peke yake uwanjani, yamebanwa na nyasi pande zote yanaegemeana. Wewe umeyapa nafasi kama viti vya harusini. Chomeka nyasi za mafungu katikati, sogeza karibu. Yaliyolala sasa hivi funga kamba tu, hayainuki tena vizuri.

Muuliza swali: Nimewapata wakuu, kamba naifunga leo. Sasa samadi nina ndoo tatu zimebaki, nipeleke wapi?

mkono_wa_udongo: Kwenye mboga. Na ufunge geti la kule kwenye maua 😂