Faini ya taa za baiskeli, na barua imekuja tena

Salim, Bremen:
Wadau habari za baridi. Wiki iliyopita natoka shifti pale nyumba ya wazee polisi wakanisimamisha, euro 20, na taa zote mbili zinawaka! Eti ya mbele inawaka-inazima, hairuhusiwi, halafu hazina namba ya K, ile ya kuidhinishwa huku Ujerumani. Nililipa kwa kadi palepale, leo barua inanidai tena hiyo hiyo 20 na mwezi ujao nina termin (miadi) ABH, ofisi ya wageni, ya kibali cha kuishi. Itaniharibia? Na ninunue taa ipi ya kuchaji, lux 30 ya betri ya ndani au lux 80 ya betri ya kutoa? Baiskeli inalala nje.

Mama Neema, Leipzig:
Pole mwanangu. Usilipe mara mbili! Watumie kopi ya risiti, Aktenzeichen (namba ya faili iliyo kwenye barua) iandike juu kabisa. Euro 20 haiendi Flensburg, kwenye daftari la pointi za makosa ya barabarani, pointi zinaanzia faini ya 60. Mimi ABH walinikwamisha miezi kwa sababu ya paspoti inayokaribia kuisha, angalia yako kwanza.

Rama, Dortmund:
Mama samahani, kauliza taa. Jamani kila baridi tunachanganya lux na lumen! Lumen ni mwanga wote unaotoka kwenye taa. Zile za lumen 1000 za mtandaoni zinamwaga mwanga mpaka kwenye miti, anayekuja mbele haoni kitu. Lux ndiyo mwanga unaofika barabarani. Tafuta alama ya wimbi, herufi K na tarakimu kwenye taa yenyewe, siyo kwenye boksi tu. Mjini 30 yatosha. Mimi napita kando ya mfereji, giza totoro, nina 80 na mizizi iliyoinua lami naiona mapema, ila ukiiacha kwenye mwanga full, chaji haikai na baridi inaila betri, kwa hiyo ingia nayo ndani, isipoe wala isiibiwe.

Mzee Kassim, Hamburg:
Sheria inataka dainamo. Muachane na kuchaji.

Rama:
Shikamoo mzee. Hiyo ilibadilishwa 2013, someni StVZO, kanuni za vyombo vya barabarani, kabla ya kuandika. Tangu 2017 mchana hata kuzitoa ruksa.

Mzee Kassim:
Marahaba. Dainamo haikuachi njiani, basi. Tabora marehemu baba alikuwa na baiskeli ya Phoenix, dainamo ikisugua tairi tunaisikia toka kwenye miembe tunakimbia kumpokea mzigo. Leo huko nyumbani boda zinapita usiku bila taa, trafiki anaangalia tu, watoto wetu wanakufa!

Salim:
Asanteni, risiti ninayo. Ila njia yangu nusu ina taa nusu giza, sasa 30 au 80?

Mdau wa Köln:
Salim ukishapata kibali fikiria uraia kabisa, tangu 27 Juni 2024 Wajerumani hawakulazimishi kuacha wa kwanza.

Mama Neema:
Wao hawakulazimishi, nyumbani je? Tanzania bado ni uraia mmoja. Nina kiwanja Kibaha na mama yangu yuko hai, paspoti yangu siirudishi mpaka wabunge watusikilize.