Projekta inapauka jioni, jua linaingia sebuleni. Nifanyeje?

Mwana_Shangani
Wakuu habari zenu. Nina projekta sebuleni hapa Mtwara, usiku picha ni moto ila mechi za Uingereza za Jumamosi saa 11 jioni ndo balaa, jua linapiga dirisha la magharibi mtu wa jezi nyeusi anaonekana wa kijivu na mpira huuoni ukipita kwenye nyasi. Kuta nyeupe, dari jipsamu nyeupe. Fundi kaniambia ninunue yenye lumensi (kipimo cha mwanga) nyingi zaidi, ni kweli au ananipiga? Na nikifunga madirisha yote kwa joto hili tutaiva humo ndani.

Kuchele_Tech
Usitoe hela kwanza mkuu. Projekta haitoi rangi nyeusi, nyeusi unayoiona ni ukuta ambao haujapigwa mwanga, sasa jua likishaumulika huo ukuta basi nyeusi yako ndo hiyo, haishuki tena. Mashine kali zaidi itasaidia ndio ila nyeusi itabaki palepale. Alafu lumensi za kwenye maboksi ya bei chee nyingi chai tu, tafuta palipoandikwa ANSI, hicho ndo kipimo cha kuaminika.
Unatupa inchi ngapi? Ukishuka toka 120 mpaka 85 eneo la picha linabaki nusu, kwahiyo picha inang'aa mara mbili na hujatoa hata mia.

Bi_Mikindani
Kaniki kaka angu. Kunja mara mbili, tundika NJE barazani sio ndani, jua linaishia hukohuko na dirisha unaacha wazi upepo unapenya pembeni. Ukitundika ndani kitambaa kinashika moto wa jua chumba kinakuwa tanuri. Kwangu wanangu wanaangalia katuni saa tisa alasiri.

Mdau_Lindi
Mi nasema mchana washa TV tu yaishe 😂 Alafu Waingereza wakirudisha saa zao nyuma mwisho wa Oktoba hizo mechi zinahamia saa 12, huku kwetu jua ndo linazama.
Ila kama umeng'ang'ania, hamishia picha ukuta uleule wenye dirisha la magharibi. Jua likiingia linapita linaenda kupiga ukuta wa pili, halikutani na picha. Pazia bado unalihitaji maana jua litakuumiza macho.

Mwana_Shangani
Aisee hilo la kuhamisha ukuta sikuliwaza, na natupa 130 kumbe najiua mwenyewe. Kaniki nacheki mjini kesho. Sasa dari? Mwenye nyumba hataki kusikia habari za rangi.

Kuchele_Tech
Usipake. Dari nyeupe inachukua mwanga wa picha yenyewe inaurudisha ukutani, hata usiku. Kaniki ikibaki ibane darini ile mita moja ya karibu na picha, na kuta za pembeni hivyohivyo, huko nyuma mlikokaa acha kulivyo. Vibanda umiza vingi wanabandika maturubai meusi, unadhani ni urembo?

Bi_Mikindani
Chukua kaniki nzito basi, zile nyepesi ukiinua juani unaona mpaka kwa jirani.