Hivi "la" ina maana ngapi jamani?

Zabibu_Mbichi
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu anasoma Kifaransa hapo UDOM, wikiendi kaja home na daftari lake kila mstari la maison, la table, la nini sijui, nikamwambia mbona hiki Kifaransa chenu kinakataa kila kitu 😂 maana sisi la si ni hapana? Afu nikakumbuka hata huku tunasema jina la mtoto na hapo hakuna anayekataa kitu. Ni neno moja limetembea dunia au kila mtu na lake? Wajuzi mnisaidie.

Mwl_Kizota
Kila mtu na lake mkuu. La ya kukataa tumeitoa kwa Waarabu, ndo maana kuna la hasha, kuna "unakuja au la". Ya jina la mtoto ni Kibantu kitupu, ni li + a, kama ki + a inavyokuwa cha ukisema kitabu cha, na ndo maana ukisema majina haiwi la tena inakuwa ya. Ya Kifaransa imezaliwa na illa ya Kilatini, yaani yule wa kike, na hiyohiyo ndo imezaa la ya Kihispania na ya Kitaliano, hao watatu ni damu moja, ya kwetu wamefanana sura tu. Afu usisahau ya kula, mla ni mla leo mla jana kala nini.

Besi_la_Kwaya
Mwalimu umeruka do re mi. Sie karatasi zetu za mazoezi zimeandikwa herufi tupu d r m f s l t, hiyo l ndo la. Chanzo chake ni wimbo wa Kilatini wa Yohana Mbatizaji, karne ya 11 mtawa wa Italia Guido wa Arezzo aliona mistari yake inaanza kwa sauti inayopanda ngazi moja moja, akachukua silabi za mwanzo awafundishie waimbaji. Mstari wa sita ulianza na labii, ya midomo. Do yenyewe enzi hizo iliitwa ut.

Fundi_Ihumwa
Huku saiti kwa Wachina la ni vuta, mlango wa ofisi yao upande mmoja umebandikwa tui upande wa pili la, na bado watu wanasukuma palepale pa kuvuta. Ila ukiishusha sauti inakuwa ukali wa pilipili, jamaa yetu mmoja mezani aliulizwa aongezewe, akasema la, la! Wakampakulia, alikula anatoka machozi.

Zabibu_Mbichi
😂😂 nimekoma. Asanteni sana, mwalimu dogo anauliza sasa kwa nini meza iwe ya kike?

Mwl_Kizota
Hilo akamuulize lekchara wake. Sisi jicho, jembe na tunda tumeziweka ngeli moja na hatujawahi kuitwa kujieleza.