Tuwatambueje viongozi wa kesho miongoni mwa wafanyakazi wa chuo kikuu?

Mkuu_wa_Idara
Ndugu wanajukwaa, muda wangu wa kuongoza idara unaisha mwakani. Kila ninapouliza nani atafaa kushika nafasi hii, wenzangu humtaja mwenye machapisho mengi, kana kwamba kuandika makala na kuendesha kikao ni kazi moja. Ninyi mnamtambuaje anayefaa, na mnamwandaaje kabla hajakabidhiwa ofisi?

Mstaafu_wa_Mlimani
Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kujitegemea mwaka 1970, makamu mkuu wake wa kwanza, Pius Msekwa, alitoka katika utumishi wa chama na Bunge. Baadaye nafasi hiyo ilishikwa na wanataaluma, akiwamo Matthew Luhanga, mhandisi aliyeongoza tangu 1991 hadi 2006. Viongozi wakitoka ndani, chuo hakina budi kuwapika chenyewe, lakini safari ya kutoka mhadhiri msaidizi hadi profesa bado hupimwa zaidi kwa utafiti na ufundishaji. Mimi nilikuwa nikiwatazama watu katika kazi isiyo na sifa wala posho, yaani uratibu wa mitihani. Alama zinapochelewa, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho yuko mlangoni akihofia kukosa mahafali, yupo atakayemfuatilia mhadhiri mwenzake kwa staha hadi matokeo yapatikane, na yupo atakayejibu kwamba hilo halimhusu.

Afisa_Utumishi
Nakubaliana na Mstaafu, ila kazi hizo huishia kurundikwa kwa mtu yuleyule asiyejua kukataa, mara nyingi dada ambaye bado anahangaika na tasnifu ya uzamivu, na siku ya kupandishwa cheo anaambiwa hana machapisho. Apewe barua rasmi, apunguziwe vipindi, kisha zamu ihamie kwa mwingine. Tena msiwasahau watumishi waendeshaji, yaani wasiofundisha, kwa maana mkutubi na mhasibu nao huongoza watu, ingawa mafunzo ya uongozi yakitangazwa wanaoteuliwa ni wahadhiri.

Mkuu_wa_Idara
Ahsanteni. Ninaposafiri humkaimisha aliye mkubwa kwa umri, ili kuepusha manung'uniko.

Mstaafu_wa_Mlimani
Manung'uniko yatakuwapo tu, ndugu yangu. Kaimisha kwa zamu, na anayekaimu aandike mwenyewe dokezo la masurufu, yaani ombi la fedha za kazi zinazotolewa mapema na kutolewa hesabu baadaye, na kulitetea kwa mhasibu. Akikosea, mwelekeze faraghani, lakini faili libaki mezani pake.