Katuni ya maharamia: makasia yanaachana na ngoma

Mwl_Uyole: Wakuu, natengeneza katuni ya dakika 1 ya maharamia kwa chekechea hapa Mbeya. Vikaragosi vya karatasi, picha kwa simu, fremu (picha moja moja) 12 kwa sekunde, wimbo mapigo 100 kwa dakika. Makasia yanaanza vizuri, katikati yanaachana na ngoma. Kosa liko wapi?

Fundi_Picha: Hesabu tu, mwalimu. Dakika ina fremu 720. Gawa kwa 100 unapata 7.2. Ukiweka 7 kwa pigo, kila mapigo 5 picha inaitangulia ngoma kwa fremu 1. Rekodi upya kwa mapigo 120: fremu 6 kamili, kasia mbele 3, nyuma 3. Sauti kwanza, picha baadaye.

Dada_Ilomba: Na usirekodi mvua ikinyesha, bati litakumaliza. Kwa vikaragosi kuimba, midomo mitatu ya kubadilisha inatosha: wa a, wa o, na uliofungwa kwa m, b, p. Funga mipangilio ya mwanga na fokasi kwenye simu isijibadilishe, la sivyo kila wingu likipita picha zitapepesa.

Mwl_Uyole: Asanteni. Na bahari? Watoto hawajaiona.

Fundi_Picha: Chora Ziwa Nyasa, pale Matema. Karatasi mbili za buluu zipishane milimita 2 kila fremu.