Tupeane uzoefu: Mwalimu anamtarajia nini mtoto kiziwi?

Mwanzisha mada (mzazi)

Ndugu zangu, naomba wazazi, walimu na viziwi wenyewe tuelezane tuliyoyaona kuhusu jambo hili moja: kiasi ambacho mwalimu anamtarajia mtoto kiziwi ajue, hata kabla hajampa swali la kwanza. Binti yangu alizaliwa kiziwi. Katika madarasa yake ya mwanzo daftari lake lilijaa alama za vema, na ripoti ilimsifu kuwa ni mtulivu, ana adabu na mwandiko wake unapendeza. Nilipolipitia daftari lenyewe ukurasa kwa ukurasa, niliona kuwa karibu kazi zote zilikuwa za kunakili na kupaka rangi, ilhali watoto wa rika lake wanaosikia, katika shule hiyo hiyo, walikwisha kuingia kwenye kugawanya na sehemu. Mwalimu wake alimpenda kwa dhati, na hilo silitilii shaka hata kidogo. Lakini alikuwa amekwisha kuamua, kwa huruma, kwamba mtoto huyu asisumbuliwe.

Mwaka 1968 watafiti Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika shule ya msingi huko California. Walimu waliambiwa kuwa wanafunzi fulani wangepiga hatua kubwa mwaka huo, ingawa wanafunzi hao walichaguliwa bila kigezo chochote, na baadaye baadhi yao, hasa wa madarasa ya chini, waliwapita wenzao katika kipimo cha akili. Wataalamu wamebishana sana kuhusu ukubwa wa athari hiyo, na mimi si mtaalamu. Ninachouliza ni hiki: ikiwa tarajio jema linaweza kumwinua mtoto anayesikia, tarajio hafifu linamfanya nini mtoto ambaye mwalimu ndiye karibu mlango wake pekee wa maarifa?

Mchangiaji, kiziwi mtu mzima

Nashukuru kwa mada hii. Mimi nilisomeshwa kwa kutamka na kusoma midomo tu, na tulipotumia mikono tulikatazwa. Anayesikia na ajaribu kusimama mbele ya kioo atamke bila sauti maneno baba, papa na mama, kisha aniambie ni lipi lilikuwa lipi. Asubuhi nzima iliweza kupita tukirekebishwa matamshi ya sentensi moja, na muda huo ulitolewa kwenye historia, jiografia na hesabu. Tulipofika mwisho wa mwaka tukiwa hatuyajui masomo hayo, ilisemekana kuwa viziwi ni wazito.

Mfumo huo ulipata nguvu katika mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliofanyika Milan, Italia, mwaka 1880, ambako wajumbe, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, waliazimia kuwa usemi utangulizwe na lugha ya alama iondolewe katika ufundishaji. Walimu viziwi wakapungua shuleni. Naliona hilo kuwa hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu mtoto kiziwi aliyemwona kiziwi mwenzake akifundisha alikuwa na ushahidi mbele ya macho yake wa kile anachoweza kuwa. Kongamano la kimataifa la elimu ya viziwi lilipokutana Vancouver, Kanada, mwaka 2010 lilitamka kuyakataa maazimio hayo na kusikitikia madhara yake. Miaka 130 ilikuwa imepita.

Mchangiaji, mwalimu wa hisabati

Nafundisha wanafunzi viziwi, na ningependa tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku. Zaidi ya watoto tisa katika kila kumi walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wengi wa wazazi hao hawajui lugha ya alama, kwa hiyo mtoto anaweza kufika darasa la kwanza akiwa hana lugha yoyote iliyokamilika. Kuchelewa huko kuna sababu inayoeleweka, na sababu hiyo si akili. Nimemwona mwanafunzi akishindwa swali la hesabu lililoandikwa kwa maneno, kisha akalitatua mara moja nilipomweleza lile lile kwa lugha ya alama. Nikimpima kwa karatasi peke yake, nitaandika kuwa hajui hesabu, na mwalimu atakayempokea mwaka unaofuata ataanza na hukumu yangu.

Naongeza tahadhari. Kumtarajia mtoto makubwa huku mwalimu akizungumza ameelekea ubaoni, au akieleza mchoro wakati mtoto analazimika kumtazama mkalimani, ni kumdhulumu kwa njia nyingine. Macho hayawezi kuwa mahali pawili. Onyesha mchoro, nyamaza, mpe muda autazame, ndipo uendelee kueleza.

Mchangiaji, mkalimani

Niliyoyaona darasani ni aina ya maswali. Wanafunzi wanaosikia huulizwa "kwa nini" na "unajuaje", kiziwi huulizwa "umeelewa?", naye hutikisa kichwa kukubali, na somo linasonga mbele.

Mchangiaji, baba wa mvulana

Niruhusuni nitofautiane kidogo. Mwanangu aliwekwa katika darasa la kawaida bila mkalimani kwa hoja kwamba tusimdharau, na alianguka vibaya hadi akaichukia shule. Alipohamia mahali ambapo walimu wanatumia lugha ya alama, masomo hayakuwa mepesi hata kidogo, lakini sasa aliweza kubishana na mwalimu, na ndipo nilipojua kuwa anafikiri.

Mwanzisha mada

Baba, nakubaliana nawe, na maelezo ya mwalimu wa hisabati nimeyanakili niyapeleke kwenye kikao cha wazazi. Binti yangu sasa ana mwalimu anayemrudishia kazi ikiwa na maswali, na wakati mwingine analia kwa sababu ya hesabu za sehemu, kisha anazirudia. Wenye watoto waliofika sekondari, naomba mtueleze: katika kemia na fizikia, pale ambapo istilahi haina alama iliyozoeleka, walimu wenu wanafanyaje, na nani anayekubaliana na wanafunzi juu ya alama itakayotumika?