Naomba ushauri: programu ya Windows kwenye Linux Mint, risiti haitoki

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mama mdogo ana duka la dawa, laptop yake ya zamani, RAM 4GB, ilikuwa na Windows 10 ambayo sapoti yake imeisha Oktoba 2025, na Windows 11 inagoma maana prosesa ni ya kizamani, basi nikamshawishi tukaweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure badala ya Windows. Mashine inawaka fasta kweli sasa hivi. Shida ni programu yake ya stoku na mauzo, imetengenezwa kwa Windows tu, ina kumbukumbu za miaka 6, siwezi kumwambia aanze upya.

Nikaweka Wine, ile haibebi Windows nzima, inatafsiri tu maombi ya programu ili Linux iyaelewe ndo maana haili sana RAM. Imefunguka, stoku yote ipo, ila akibonyeza kuprinti risiti kimya, printa ya USB haitoi kitu, halafu kolamu ya bei inakatwa, 12,500 unaona 12,5 tu. Kwa duka la dawa hiyo haifai kabisa.

Nimewaza VirtualBox, ile ya kuendesha kompyuta nyingine ndani ya kompyuta, nimuwekee Windows humo, lakini RAM 4 ugawanye mara mbili naona itakwama.

Je, printa niiweke kwanza upande wa Linux kwa CUPS (mfumo wa Linux wa kuprinti) ndo Wine iione, au ninunue RAM iwe 8 niende na VirtualBox? Na hizo namba kukatwa, ni fonti? Tangu Jumatatu anaandika mauzo kwenye daftari, inaniuma maana mimi ndo nilimshawishi.